Majina kumi na moja, farasi mmoja

Mwenda Pole Hajikwai. Mama alihesabu herufi kwa vidole vyake vyenye hina, kimoja kimoja, na kila alipofika kwenye nafasi kati ya maneno aligonga sinia kidogo ili nayo isisahaulike. Akafika ishirini. Akaanza upya kutoka dole gumba, akafika ishirini tena.

"Zimezidi mbili," akasema.

"Toa Mwenda," akajibu Afande huku akitafuna.

"Nikitoa Mwenda kinabaki Pole Hajikwai. Farasi wa mbio anayeitwa Pole, nani atamwekea pesa yake?"

Tulikuwa Bombo, mji mdogo kaskazini ya Kampala, Jumapili mchana, barazani kwa Mama, pilau katikati. Watu wanne wenye farasi mmoja, na mimi mwalimu wa Kiswahili niliyeitwa kutoka Kampala kwa malipo ya pilau hilohilo. Farasi mwenyewe hakuwapo; yeye yuko Nairobi kwa mkufunzi wake. Niliandika kila kilichosemwa siku ile na majuma yaliyofuata. Mwanzoni niliandika kwa kupenda mambo ya lugha tu, baadaye kwa sababu niligundua nilikuwa nimewashauri vibaya.

Wenye farasi ni hawa. Mama, Mnubi wa Bombo, aliyeuza vitambaa miaka thelathini. Afande, mwanajeshi mstaafu, ambaye Kiswahili alikipata kambini kama wengi wa rika lake. Mfugaji mmoja kutoka Mbarara tuliyemwita Mzee, ingawa Afande anamzidi umri. Na Kijana, mhasibu, asili yake Fort Portal, ndiye aliyewaingiza wenzake katika jambo hili: alikwenda Nairobi kikazi, wenyeji wake wakampeleka Ngong kutazama mbio Jumapili moja, akarudi amepotea. Bei sitaitaja. Mzee alitaja idadi ya mitamba ambayo angeipata kwa fungu lake, na baraza zima likanyamaza.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini watu wa Uganda wahangaike na farasi wa Kenya. Jibu ni kwamba kwetu farasi hakupata nafasi. Mbung'o walihakikisha hilo kwa karne nyingi: ugonjwa wanaouambukiza huua farasi upesi kuliko unavyomuua ng'ombe wa kienyeji. Hata neno la Kiganda, embalaasi, ni farasi wetu wa Kiswahili aliyevaa kiambishi cha Kiganda, na Waswahili nao walimpata kwa Waarabu. Kwa hiyo hatuna desturi ya kumpa farasi jina. Tuna desturi za ng'ombe, za watoto, za mapacha, za mbwa. Nairobi wenzetu walianza kukimbiza farasi mwanzoni mwa karne iliyopita, na uwanja wa Ngong una kazi tangu 1954. Wao wana mazoea. Sisi tulikuwa na pilau na karatasi.

Farasi hawezi kuingia mbioni bila jina lililosajiliwa. Kabla ya hapo anatambuliwa kwa jina la mama na la baba, mwaka wa kuzaliwa, na chipu iliyowekwa shingoni. Akishapata jina, katika mbio za kimataifa huandikwa pamoja na kifupisho cha nchi aliyozaliwa, na wa kwetu alizaliwa Kenya, basi ni KEN. Hilo lilimchoma Afande. "Pesa tumetoa sisi, herufi tatu wamepata wao." Ndipo likazaliwa sharti ambalo halikuandikwa popote lakini lilitawala mjadala wote: jina lazima liseme kwamba wenye farasi ni watu wa Uganda.

Masharti yaliyoandikwa ni mepesi ukiyasoma. Herufi zisizidi 18, nafasi na alama zikihesabiwa. Usitumie jina la mtu maarufu bila ruhusa yake. Usitumie jina la biashara. Usitumie lugha chafu. Usichukue jina la farasi ambaye jina lake linalindwa, wala linalofanana nalo kwa sauti. Na akishakimbia mbio ya kwanza, jina si kitu cha kubadilisha kama shati.

Majina manne ya mwanzo yalikufa kabla sinia halijafika nusu. Mwenda Pole Hajikwai lilikufa kwa urefu. Afande akaleta jina la jenerali mmoja aliye hai. Kijana akamuuliza kama yuko tayari kwenda kuomba saini, akalifuta mwenyewe. Mama akaleta jina la duka lake la zamani; hiyo ni biashara. Haraka Haraka halikuvunja sharti lolote, lakini kila mtu barazani aliimalizia methali kwa sauti moja, "haina baraka," na likaishia hapo.

La tano ni la Mzee, nalo nalieleza kwa uangalifu. Mzee amekaa Kampala muda mrefu na Kiganda chake ni kizuri. Akapendekeza maneno mawili ya Kiganda yenye maana ya kuwasha moto. Ni maneno mazuri, yana joto, hayafiki herufi 18, na jikoni kokote Buganda yanatamkwa asubuhi na jioni bila mtu kushtuka. Mama aliweka kanga mdomoni. Afande alitazama paa. Msomaji wa Kiswahili anayejua kitenzi hicho cha Kiganda tayari amecheka. Asiyekijua aulize rafiki, si mkwe. Hebu wazia mtangazaji wa Nairobi analipaza kwenye vipaza sauti, mbele ya watu waliokuja na watoto wao.

Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kiini cha kisa, ila sikukifuata. Jina la farasi wa mbio husikika kabla ya kusomwa. Wakaguzi wa Marekani walikwishaponyokwa na jambo hilihili: kulikuwa na farasi aliyeitwa Hoof Hearted, maneno mawili yasiyo na dhambi yakiwa karatasini. Yatamke haraka kwa Kiingereza na utasikia swali la nani kajamba. Nikawasimulia, wakacheka, kisha mimi mwenyewe nikarudi kuchagua majina kwa macho.

Niliwaletea matatu ya kwangu. Mng'ao lilifutwa mara moja kwa sababu ya ile alama juu ya ng', ambayo kwanza inahesabiwa, pili ni ya kubishaniwa, tatu ikiondolewa linabaki neno lisilokuwepo. Radi lilipokelewa vizuri. Kishindo ndilo nililolipenda. Nilieleza kwa dakika kumi: mlio wa kwato juu ya ardhi, uzito wa neno lenyewe, herufi nane tu, Kiswahili safi. Nilikuwa kama mtu anayemsifia bibi harusi. Wakaliandika.

Kijana alikuwa amekaa kimya. Aliposema, alisema neno moja. "Amooti."

Asiyetoka magharibi ya Uganda anahitaji maelezo. Watooro na Wanyoro, mbali na majina ya kawaida, kila mtu ana empaako, jina la heshima na la mapenzi linalochaguliwa kutoka orodha fupi isiyofika kumi na tatu: Amooti, Abwooli, Akiiki, Adyeri, Araali, Ateenyi na wenzake. Okaali ni la mfalme. Ukikutana na mtu humsalimii kwanza, unamuuliza empaako yake, ndipo salamu inapopata pa kukaa. Mnaweza kuwa mmegombana, lakini ukimwita kwa empaako umeshaanza kupatana. Mwaka 2013 UNESCO iliiweka desturi hii katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa sababu inafifia.

Kama hoja, Amooti haikuwa na doa. Herufi sita. Inasema Uganda, tena inasema mahali hasa. Mkenya hataikuta kwa farasi mwingine. Sauti yake ni ndefu katikati, inabebeka. Sote wanne tuliobaki tukakubali, na kama tungepiga kura siku ile farasi angekuwa Amooti leo. Kijana akasema tu kwamba atampigia shangazi yake Fort Portal, kwa adabu.

Akaweka simu katikati, spika wazi. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza farasi anaonekanaje, Kijana akamweleza. Akauliza kama anaendeshwa na nani, akaelezwa kuhusu joki. Kimya kidogo.

"Na huyo anayempanda, ana kiboko?"

"Anacho, shangazi. Kidogo tu."

"Basi mtamwita Amooti huku mnampiga?"

Hakuna aliyemjibu. Shangazi hakukasirika, akauliza habari za Mama, akaagana na kila mmoja. Lakini jina lilikuwa limeondoka.

Nimelifikiria jibu lile kuliko chochote kingine katika kisa hiki. Kijana aliona shangazi amekataa kwa kuwa farasi ni mnyama. Mimi naona sivyo. Hakusema mnyama hastahili. Alisema empaako ina kazi, na kazi yake ni kumlainisha anayelitamka. Ukilitamka hulegeza mkono. Kulitia mdomoni mwa watu elfu wanaopiga kelele farasi achapwe zaidi ni kulitumia kinyume cha kazi yake, kama kufutia viatu kitambaa cha kusalia. Jina zuri mara nyingi lina mwenyewe tayari, na mwenyewe hayuko mezani mnapolichagua.

Hapo Mzee akapata nafasi. Alikuwa na lake tangu mwanzo, lile la moto lilikuwa la kupima maji. "Huyu farasi rangi yake mmeitazama?" Akatoa picha. Mwili mwekundu wa kahawia iliyoiva, nywele za shingo nyeusi, miguu myeusi kuanzia magotini. "Kwetu huyu ni Bihogo. Hatafutiwi jina. Jina amekuja nalo."

Wahima wa Ankole humwita ng'ombe kwa rangi yake, mabaka yake na namna pembe zinavyopanda, na majina hayo yana usahihi ambao Kiswahili kinauonea wivu. Sisi tunasema mwekundu, wao wana kadhaa. Bihogo ni ule wekundu mzito. Mayenje ni mwenye madoadoa. Mfugaji aliye mbali na zizi akitajiwa jina huwa ameshamwona ng'ombe. Na majina hayo huingia katika tungo za kujisifia mifugo, ebirahiro, zinazoghaniwa kwa kasi ambayo mtangazaji yeyote wa mbio angeiheshimu.

Afande akapinga: utampaje farasi jina la ng'ombe? Kisha, kama kawaida yake, akajipinga mwenyewe. Aliwahi kukaa Moroto, akakumbuka kwamba kwa Wakaramoja jina hutoka kwa ng'ombe kwenda kwa mtu. Mwanamume huwa na dume la ng'ombe alipendalo, na watu humwita mwanamume huyo kwa sifa ya dume hilo, Apa mbele yake, yaani baba wa yule mwenye rangi fulani. "Kama mtu mzima anaitwa kwa ng'ombe, farasi ni nani akatae?"

Aliyeleta tatizo ni Mzee mwenyewe, na ndiyo maana namheshimu. Usiku ule alinipigia simu, hana usingizi. Bihogo ni jike. Farasi wetu ni dume, hata kama amehasiwa. Dume wa rangi ile ni Ruhogo. "Mwalimu, nikimwita Bihogo watu wa kwetu watanicheka mpaka kaburini." Basi tukaandika Ruhogo.

Kufikia hapo tulibaki na manne: Radi, Kishindo, Ruhogo, na Songa Mbele la Afande, ambalo linasikika kama amri ya kambini na herufi zake ni 11. Majina yote yaliyotajwa, ukihesabu Bihogo na Ruhogo kuwa jina moja, yalikuwa kumi na moja. Mimi nikasema tuyajaribu kwa sauti. Hilo tu ndilo wazo langu zuri katika kisa chote, na lilinitoka bila kufikiri.

Jumanne nikaenda Old Taxi Park, kituo cha taksi za abiria Kampala. Nilimtafuta kondakta mwenye koo, nikampata mmoja wa taksi za mtaa wa Ntinda, kijana mwembamba mwenye kofia ya Arsenal, mguu mmoja ndani ya taksi na mwingine hewani. Nikampa elfu tano na karatasi. Aite majina haya kama anavyoita Ntinda, kwa kasi ileile, bila kuniuliza maana.

"Ladi! Ladiladiladi, Ladi!"

Radi yangu ilikuwa imekufa palepale. Mwenye kujua Kiganda anajua: r na l ni sauti moja yenye nguo mbili, r huja baada ya e na i, kwingineko ni l. Neno likianza kwa r, mdomo wa Muganda hulianza kwa l bila ubaya wowote. Nilikifundisha kitu hiki darasani mwaka mzima na sikukikumbuka barazani.

"Kisindo! Kisindo-sindo-sindo!" Sh ilikwenda, ikaja s. Lakini hilo silo lililoniuma. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na kwenye Kishindo silabi hiyo ni shi. Sauti ya i hutoka mdomo umebanwa. Kondakta alikuwa akipiga kelele kwa nguvu zake zote, na jina lilikuwa linatoka kama mluzi wa birika. Nilisogea hatua kama ishirini, mpaka karibu na wauza karanga. Sikusikia kitu isipokuwa ndo, ndo, ndo. Neno lenye maana ya mlio mzito lilikuwa ndilo lisilosikika.

Ruhogo likawa "Luogo." H ikapotea njiani. Mwanamke mmoja mwenye mfuko wa mahindi akamjia kondakta kumuuliza nauli ya Luweero.

Songa Mbele alilitamka vizuri kabisa, kila herufi. Na hapo nikaona kitu ambacho sikukitarajia. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama karibu alibana mkoba wake kwapani, akageuka kutazama askari yuko wapi. Kwa miaka mingi Kiswahili Uganda kilikuja na buti. Waliokisikia kizuizini na barabarani usiku hawakisikii kama mimi ninavyokisikia. Baraza la mawaziri liliidhinisha kiwe lugha rasmi Julai 2022, watoto wanakisoma, mimi nakula kwa kukifundisha, lakini sikio la mtu wa miaka sabini halifuati baraza la mawaziri. Nilimpa pole yule mzee. Hakuelewa ninampa pole ya nini.

Niliripoti haya kwa kundi, na kwa siku kadhaa hakukuwa na mtu mwenye jina. Kijana akajaribu ufundi wa Red Rum. Yule farasi aliyeshinda Grand National, mbio maarufu ya Uingereza, mara tatu, 1973, 1974 na 1977, jina lake ni herufi tatu za mwisho za mama yake, Mared, na tatu za mwisho za baba yake, Quorum. Kijana akakatakata majina ya wazazi wa farasi wetu kila namna. Kilichokaribia zaidi kilisikika kama dawa ya minyoo. Mimi nikawatumia kisa cha Secretariat, farasi wa Marekani, angalau wajue maana si kitu: baada ya majina kadhaa kukataliwa, katibu wa shamba alipendekeza hilo, jina la ofisi, na mwaka 1973 farasi huyo akashinda mbio ya Belmont kwa kuwaacha wenzake urefu wa farasi 31. Mzee akajibu kwamba kama ni hivyo tumwite Wizara.

Kisha Kijana akasafiri tena Nairobi. Akapita bandani, akatutumia video ya sekunde kama arobaini.

Nimeitazama mara nyingi. Ni asubuhi, saisi anafagia nyasi kavu, mgongo umeelekea kamera. Nyuma yake kuna ukuta wa mbao unaotenga vyumba viwili vya farasi, urefu wake kama kifua cha mtu. Farasi wetu ameweka kidevu juu ya ukuta ule na anatazama chumba cha pili, ambamo farasi mwingine anakula. Hafanyi kitu. Anatazama tu, sikio moja mbele, jingine pembeni, kama mtu aliyeegemea ua akisubiri umbea. Saisi hageuki hata kidogo. Anasema, "Jirani, geuka," na farasi anatoa kidevu, anageuka.

Kijana anauliza kwenye video, "Umemwitaje?"

"Jirani. Tangu aletwe. Kutwa kuchungulia kwa wenzake."

Mwanzoni hakuna aliyelichukulia kuwa pendekezo. Afande alisema hilo ni jina la bandani, kama vile Secretariat naye bandani aliitwa Big Red. Ni kweli, na ni kawaida: farasi wengi wana jina la karatasi na jina la ndoo. Lakini majina ya ndoo yamewahi kushinda. Alizaliwa Uingereza mwaka 1773 farasi aliyekusudiwa kuitwa Potatoes, viazi. Husimuliwa kwamba kijana wa bandani aliambiwa aliandike, akaandika Pot akafuatisha o nane, na mwenye farasi akalipenda likabaki hivyo. Baba yake aliitwa Eclipse, kwa kuwa alizaliwa siku jua lilipopatwa, mwaka 1764. La baba lilitoka mbinguni, la mwana kwa mtu wa ndoo, na yote mawili yamo katika nasaba mpaka leo.

Nilirudi Old Taxi Park. Kondakta wangu alikuwa yuleyule, kofia ileile. Safari hii alikataa pesa, akasema anataka kujua mashindano yamefikia wapi.

"Jirani! Jirani-rani-rani!"

R ilikaa. Iko baada ya i, mahali pake hasa kwa Muganda, wala haikubadilika hata alipoongeza kasi. Mkazo uko kwenye ra, na a ndiyo sauti inayofungua mdomo kuliko zote. Kwa wauza karanga nilisikia neno zima. Hakuna aliyeshika mkoba. Muuza karanga akainua mkono, akidhani ni yeye anayeitwa.

Mjadala wa mwisho ulikuwa Bombo tena, na haukuwa mtulivu. Mzee alisema Jirani halisemi Uganda. Halina rangi, halina ng'ombe, halina kabila, ni neno la mtu yeyote. Nilikuwa na hoja yangu tayari: kwamba ndiyo faida yake, wenye farasi wanne hawana lugha ya nyumbani moja, na Kiswahili hakimpi yeyote kati yao ushindi juu ya mwenzake. Ilikuwa hoja nzuri. Sikuimaliza, kwa sababu Mama alianza kusema.

Wanubi waliletwa huku kama askari. Lugard, afisa Mwingereza, aliwachukua 1891 kutoka kwa mabaki ya jeshi la Emin Pasha, aliyekuwa gavana kusini mwa Sudan, na Bombo ikawa kwao. Mama amezaliwa Bombo, na baba yake, na babu yake. "Na bado naulizwa nimetoka wapi," akasema. "Ofisini naulizwa. Sokoni naulizwa. Mimi ni jirani tangu nizaliwe. Huyo farasi amezaliwa Kenya, mwenyewe yuko Uganda, shingo yake iko juu ya ukuta. Mzee, unataka Uganda ipi zaidi ya hiyo?"

Mzee alinyamaza muda, kisha akasema bado anapiga kura ya Ruhogo, ila ile hoja ameisikia. Tatu kwa moja. Tukakubaliana kutuma majina matatu kwa mpangilio: Jirani, Ruhogo, Songa Mbele. Kabla ya kutuma nilifanya kazi ambayo ningepaswa kuifanya siku ya kwanza, niliwauliza wasemaji wa lugha saba kama neno lile linamkosea mtu kwao. Hakuna aliyecheka.

Nikiliangalia kosa langu sasa, halikuwa Kishindo lenyewe. Kishindo ni neno zuri na litapata kazi mahali pengine. Kosa ni kwamba niliketi na watu wanne nikawauliza jina liwe na maana gani, na sote tukashughulika na hilo kwa wiki mbili. Hatukuuliza nani atalitamka, akiwa na kasi gani, na mdomo wake ulilelewa na lugha gani. Wala hatukumuuliza mtu pekee aliyekuwa akimwita farasi huyo kila siku na kuitikiwa. Yeye alikuwa na jibu miezi minne kabla yetu.

Jina la kwanza lilipita. Siku ya mbio yake ya kwanza tulikusanyika barazani tukasikiliza kwa simu ya Kijana, aliyekuwa uwanjani ameielekeza kwenye kipaza sauti. Upepo mwingi, kelele nyingi. Mtangazaji alitaja Jirani mara nne, na mara zote nne tulimsikia, mara ya mwisho akiwa wa tano. Afande alisimama akapiga saluti. Mama alipakua pilau.

Mzee hakuwa na ubishi tena. Ila aliponipa simu yake nimtafutie namba ya saisi, ili tumtumie kitu kidogo cha shukrani, niliitafuta kwenye S, kisha kwenye J, nisiipate. Ilikuwa kwenye R.